Taya Fupi na Pumzi ya Mtoto: Rai kwa Watu wa Kisii na Nyamira

Miongoni mwa maradhi ya watoto wachanga, yanayoogopwa zaidi ni yale yenye homa, kuhara na degedege, kwa kuwa dalili zake ni dhahiri na kila mzazi amepata kuzisikia. Lakini yako mengine yasiyo na joto wala upele, yanayomdhoofisha mtoto usiku baada ya usiku hali watu wa nyumbani wakidhani amelala usingizi mzito, na asili yake si mdudu wala hewa mbaya, bali ni upungufu wa milimita chache za mfupa chini ya mdomo. Nakusudia katika safu hii kueleza habari za watoto wanaozaliwa na taya fupi la chini, jinsi ufupi huo unavyowaziba pumzi, na upasuaji wa kulirefusha taya kidogo kidogo ambao umewaokoa wengi duniani. Na nawaelekea hasa watu wa Kisii na Nyamira, ambao wana sababu zao wenyewe, za kale na za sasa, za kulitia jambo hili maanani. Rai yangu naitoa mapema ili msomaji aipime njiani: upasuaji huu si kazi ya saa moja ya kisu, bali ni kazi ya miezi, na mahali ambapo mtoto hatambuliwi siku anayozaliwa wala hafuatwi baada ya kutoka hospitali, kifaa cha kurefusha taya, hata kiwe cha thamani namna gani, hakitamfaa kitu.

Yafaa kwanza tuelewe jinsi taya na pumzi zinavyohusiana. Ulimi wa mwanadamu haukushikwa kwa mzizi wake peke yake. Msuli wake mkubwa umejishikiza mbele, upande wa ndani wa mfupa wa kidevu, na kwa hiyo kidevu kilipo ndipo ulimi unapokaa. Taya la chini likiwa fupi, kidevu hurudi nyuma, na ulimi, ambao haukupungua ukubwa wake, hukosa nafasi ukaangukia kooni. Mtoto akilazwa chali, uzito wa ulimi wenyewe huzidisha taabu. Akishikwa na usingizi na misuli ikalegea, njia ya hewa huzibika kabisa kwa muda, kisha hushtuka, akavuta pumzi kwa mkoromo, akalala tena, na mambo yakawa yaleyale mpaka alfajiri. Pierre Robin, tabibu wa kinywa wa Kifaransa, aliieleza hali hii mwaka 1923, na tangu hapo matabibu wameiita kwa jina lake: taya dogo, ulimi ulioanguka nyuma, pumzi iliyozibika, na aghalabu pamoja na hayo kaakaa lililo wazi. Mambo hayo hufuatana tangu tumboni, kwani taya likichelewa kukua katika majuma ya mwanzo ya mimba, ulimi hubaki juu, kati ya pande mbili za kaakaa, nazo zikashindwa kukutana.

Hesabu inayotajwa mara nyingi katika vitabu vya utabibu ni mtoto 1 katika kila watoto 8,500 hadi 14,000 wanaozaliwa. Msomaji asiione idadi hiyo kuwa ndogo akalipuuza jambo lenyewe. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira, na katika umma wa namna hiyo, wenye vijana wengi na uzazi mwingi, watoto hawa hawawezi kukosekana. Mwaka hauwezi kupita bila baadhi yao kuzaliwa, ama hospitalini Kisii, ama katika vituo vya Keroka, Ogembo na Ekerenyo, ama nyumbani. Swali la haki si kama wapo, bali ni wangapi kati yao waliotambuliwa kabla ya kuzikwa kwa jina la nimonia.

Adha ya pili ya mtoto huyu ni kula. Kunyonya kwataka mambo matatu yapangike, yaani kuvuta, kumeza na kupumua, na yeye ambaye nguvu zake zote zimo katika kuivuta hewa hana za ziada za kuvuta maziwa. Hunyonya kidogo akachoka, hutapika, maziwa humpalia, na uzito wake hupungua siku ambazo wenzake wanaongezeka. Hapo ndipo mama yake huanza kulaumiwa. Huambiwa maziwa yake ni mepesi au hayatoshi, hushauriwa ampe uji kabla ya wakati, na mtoto aliyekuwa akipaliwa na maziwa sasa hupaliwa na kitu kizito zaidi. Nalisema hili kwa uchungu, maana katika maradhi haya mama hana hatia yoyote, na muda unaotumika kumtafutia hatia ndio muda ambao mtoto alikuwa na haja nao.

Ghairi ya lawama hiyo, liko kosa jingine lililoenea katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, nalo ni la kukata kimeo. Mtoto anayekohoa bila kukoma, anayekoroma au anayetapika maziwa hupelekwa kwa fundi, naye fundi humtazama kooni, akaona kile kinyama kinachoning'inia, akakihukumu kuwa ndicho kilichoziba, akakikata. Si insafu kusema kwamba watu hawa hawana macho. Wameona jambo la kweli, kwamba koo limezibwa. Walichokosea ni kizuizi chenyewe, kwani kimeo ni kidogo na ulimi ni mkubwa, na kilichousukuma ulimi nyuma ni mfupa usioonekana kwa mtu anayetazama kinywani kutoka mbele. Kisu kile huleta damu, uvimbe na maambukizi katika njia ambayo tayari ilikuwa nyembamba, na mtoto aliyekuwa akipumua kwa shida huweza kushindwa kupumua kabisa. Kwa hiyo anayetaka kuwaondoa watu katika desturi hii asiwakemee tu. Awaonyeshe mahali pa kutazama.

Na mahali pa kutazama ni ubavuni. Tuchukue mfano wa kituo cha afya kimoja katika milima ya Nyamira, asubuhi ya kliniki. Nyanya mmoja ameingia pamoja na binti yake, na mtoto wa siku chache amefungwa katika leso. Muuguzi anamfungua mtoto na kumvua fulana, maana hakuna linaloonekana juu ya nguo, na anaona kwamba kila pumzi inapovutwa, nyama iliyo chini ya mbavu inabonyea ndani na shingo inadidimia juu ya kifua.

"Nyanya, huyu hulala vipi usiku?"

"Hulala chali, mwanangu, kama tulivyowalaza wote. Lakini huyu hukoroma mno, na mara nyingine hunyamaza mpaka mama yake humtikisa."

Muuguzi anainama mpaka jicho lake likawa sawa na kitanda, anamtazama mtoto upande, na kumbe mdomo wa chini umekaa nyuma ya ule wa juu, na chini yake kidevu kinakwenda moja kwa moja shingoni bila kujitokeza. Anamgeuza kifudifudi juu ya mkono wake, uso umeelekea pembeni, ulimi unaanguka mbele kwa uzito wake mwenyewe, na ule mkoromo unapungua hapo hapo. Kipimo cha oksijeni alichokuwa amekwisha kumfunga mguuni, kilichokuwa kikitoa mlio wa onyo, kinatulia. Hakuna dawa iliyotumika wala shilingi iliyolipwa, na maradhi yamekwisha kutambuliwa.

Hadhari moja ni lazima niitoe hapa, isije shauri jema likaleta msiba. Mtoto mwenye afya hulazwa chali, na mafundisho hayo ni sahihi, kwa sababu kumlaza kifudifudi mtoto asiye na sababu humzidishia hatari ya kufa ghafla usingizini. Mtoto wa taya fupi ndiye anayetolewa katika kanuni hiyo, tena kwa amri ya tabibu, akiwa chini ya uangalizi, na kipimo cha oksijeni kikiwa karibu. Kwa watoto wengi wa hali hii kulazwa kifudifudi au ubavu, pamoja na kulishwa kwa mpira mwembamba unaopita puani hadi tumboni, hutosha kuwavusha miezi ya mwanzo, na taya la wengi wao huendelea kukua. Wale ambao hawakutosheka na hilo huwekewa mpira mwingine laini, unaoingia puani na kuishia nyuma ya ulimi, ili hewa ipate kupita. Na mpira huo hauhitaji kiwanda cha mbali, kwa kuwa matabibu huukata kutoka mipira ileile inayotumiwa katika chumba cha upasuaji.

Wanabaki wachache ambao hata hilo haliwatoshi, na juu yao matabibu wamehangaika kwa miaka mingi. Mwaka 1946 Mmarekani Beverly Douglas alieleza njia ya kuushona ulimi kwenye mdomo wa chini ili usirudi nyuma, na wako wanaoitumia hadi leo. Njia nyingine, ya kale na ya uhakika, ni kutoboa tundu shingoni na kutia mpira katika bomba la pumzi, ili mtoto apumue bila kuhitaji kinywa wala pua. Tundu hilo huokoa maisha usiku uleule. Lakini mwenye kulipendekeza hana budi ajiulize linakwenda kuishi wapi. Mpira ule hujaa makamasi, nayo hayana budi kufyonzwa kwa mashine mara nyingi mchana na usiku, na ukiziba kabisa mtoto hana ila dakika chache. Nyumbani pasipokuwa na umeme wa kutegemewa, juu ya mlima ambao bodaboda haiupandi mvua ikinyesha, mama mmoja mwenye watoto wengine watatu hawezi kupewa ulinzi wa namna hiyo kwa miaka miwili au mitatu bila msaada. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba upasuaji wa kurefusha taya, ambao wengine huuona kuwa ni anasa ya nchi tajiri, una hoja yenye nguvu zaidi mashambani kuliko mjini, maana mwisho wake mtoto hurudi kwao hana mpira wala mashine, ana taya lake tu.

Maarifa yenyewe yana historia ndefu kidogo. Mwaka 1905, katika mji wa Bologna, Alessandro Codivilla alieleza jinsi alivyourefusha mguu mfupi kwa kuukata mfupa na kuuvuta, lakini aliuvuta kwa nguvu na kwa haraka, na taksiri zake zikawa nyingi. Aliyeifumbua siri ni Gavriil Ilizarov, tabibu wa mifupa wa Kurgan katika Siberia, ambaye kuanzia mwaka 1951 alitumia pete za chuma zilizozunguka mguu na kuunganishwa kwa fito zenye skrubu, akathibitisha kwamba mfupa uliokatwa ukiachwa siku chache, kisha pande zake zikatengwa polepole, kiasi cha milimita 1 kwa siku, mwili haukubali kuuacha mwanya ule mtupu bali huujaza mfupa mpya. Ukiharakishwa zaidi ya hapo, mfupa haufanyiki. Ukicheleweshwa, pande mbili hushikana kabla ya wakati na kazi hukwama. Na si mfupa peke yake unaorefuka, bali hata ngozi, misuli, mishipa ya damu na ya fahamu hufuata mwendo huo, ikiwa ni wa taratibu. Mwaka 1992 Joseph McCarthy na wenzake wa New York walichapisha habari za watoto 4 ambao taya zao za chini walizirefusha kwa njia hiyo, kwa milimita 18 hadi 24. Na tangu hapo maarifa yaliyoanzia miguuni yakawa pia ya usoni, kisha yakateremka mpaka kwa watoto wachanga wenye umri wa siku au majuma.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mtoto akiisha kulazwa kwa dawa ya usingizi, jambo ambalo kwa mwenye njia nyembamba ya hewa ndilo lenye hatari kuliko yote na lataka mtaalamu wa usingizi aliyezoea watoto, mpasuaji hupasua ngozi chini ya pembe ya taya, upande wa kulia na wa kushoto, hulikata taya kila upande akijihadhari na mshipa wa fahamu na vichipukizi vya meno vilivyojificha ndani, kisha hufunga kifaa cha chuma kinachozishika pande mbili za mkato, na kijiti chake hutokeza nje ya ngozi. Hapo kisu kimemaliza, lakini taya bado ni fupi vilevile. Kurefuka huanza baadaye: kwa mchanga, baada ya siku moja au karibu na hapo, kwa mtoto mkubwa, baada ya siku tano hadi saba. Kila asubuhi na kila jioni ufunguo mdogo huingizwa katika kijiti kile na kuzungushwa, kwa kipimo cha milimita 1 kwa siku, na kwa wachanga, ambao mifupa yao huunga upesi, hadi milimita 2. Katika siku kumi au kumi na tano kidevu husogea mbele, ulimi ulioshikizwa nyuma yake husogea pamoja nacho, na koo hufunguka. Kisha ufunguo huwekwa kando, na kifaa huachwa mahali pake majuma sita, manane au zaidi, mpaka mfupa mpya ukomae, ndipo kitolewe kwa upasuaji wa pili.

Msomaji ahesabu mwenyewe. Katika miezi miwili au mitatu hiyo, mpasuaji amekuwapo kwa saa chache. Siku zote zilizobaki ni za muuguzi anayesafisha vidonda mahali vijiti vinapotokea, za mama anayefundishwa kuuzungusha ufunguo na kuandika kila mzunguko katika daftari, za anayepima uzito, na za anayetambua mapema kwamba ngozi imekuwa nyekundu na usaha unaanza. Hatari zake pia si za kufichwa: maambukizi, makovu, meno yanayoota vibaya au yasiyoota, udhaifu wa mshipa unaoteremsha mdomo wa chini, na baadhi ya mataya yanayorudi kuwa nyuma mtoto anapokua. Fauka ya hayo, kurefusha taya hakumfai mtoto ambaye kizuizi chake kiko chini ya ulimi, katika bomba la pumzi lililolegea, wala ambaye ubongo wake ndio unaosahau kuamuru pumzi. Kwa hiyo kabla ya kisu ni lazima kamera nyembamba ipitishwe kooni na kizuizi kionekane kwa macho, na ni wajibu macho na masikio ya mtoto yapimwe pia, maana taya fupi mara nyingine ni sehemu ya maradhi mapana zaidi.

Sasa nageukia historia ya Gusii, kwa sababu iko dhana kwamba upasuaji wa mifupa ya kichwa ni jambo geni kabisa katika milima hii, na dhana hiyo si kweli. Muda mrefu kabla ya hospitali, Abagusii, wenyeji wa milima hii, walikuwa na wapasuaji wao, ababari (mmoja wao huitwa omobari), waliofungua fuvu la mtu aliyepigwa au kuanguka na kuendelea kuumwa kichwa. Waliipasua ngozi, wakaukwangua mfupa kwa vyuma vyao wenyewe, wakauondoa uliovunjika, wakijua kwamba utando uliofunika ubongo haukubali kuguswa kwa kisu. Kazi ilirithishwa kwa kufundishwa kando ya mwalimu. Matabibu wa Kizungu waliostaajabia jambo hili waliliandika: J. G. Grounds katika jarida la utabibu la Afrika Mashariki mwaka 1958, Edward Margetts katika miaka ya sitini, na David Furnas na wenzake mwaka 1985 katika jarida la wapasuaji wa kurekebisha maumbile. Sikusudii kumwita yeyote arudi kwa omobari, kwani wako waliokufa kwa kazi ile na wako waliofunguliwa fuvu mara nyingi pasipo faida, na elimu ya leo ina picha za mionzi, dawa za usingizi na usafi ambavyo yeye hakuwa navyo. Lakini mambo mawili katika kazi yake yanastahili heshima na kuigwa. La kwanza, jamii yake iliamini kwamba mfupa wa kichwa ukiguswa na mtu mwenye ujuzi huweza kupona, na imani hiyo ni nusu ya njia kwa tabibu wa leo anayemweleza baba kwamba taya la mwanawe litakatwa ili lirefuke. La pili, omobari aliishi miongoni mwa wagonjwa wake. Aliyefunguliwa fuvu alijua nyumba ya aliyemfungua, na kidonda kilipoharibika palikuwa na mtu wa kuulizwa.

Hilo la pili ndilo tulilolipoteza. Leo mtoto wa Manga au wa Nyamache akihitaji kurefushwa taya, safari yake huelekea hospitali kubwa za rufaa na za mafundisho, kama Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha matabibu wa meno tangu mwaka 1974, au Kijabe, ukingoni mwa Bonde la Ufa, iliyojipatia sifa kwa upasuaji wa watoto. Kutoka mjini Kisii hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300. Tangu mwaka 2013 hospitali za kaunti, pamoja na ile kuu ya Kisii iliyoanza enzi za Vita Kuu ya Kwanza, zimekuwa chini ya serikali za kaunti, hali hospitali za taifa zimebaki chini ya serikali kuu. Kwa hiyo mtoto huyu, akiwa njiani na mpira wake puani, hutoka katika mamlaka moja akaingia katika nyingine, na barua ya rufaa ndiyo kamba pekee inayoziunganisha. Barua ikiandikwa neno moja tu, nimonia, kamba imekatika. Ikiandikwa uzito wa siku ya kuzaliwa na wa leo, kipimo cha oksijeni akiwa chali na akiwa kifudifudi, na hali ya kaakaa, wale wanaompokea wataanza kazi saa ileile.

Nisingependa msomaji adhani kwamba taya fupi ni la kuzaliwa nalo tu. Liko pia lile linalowapata watoto wakubwa zaidi, katika nchi yenye miparachichi na mipera kila boma: mtoto huanguka kutoka mtini, kidevu kikapiga chini, kidonda kikashonwa na kusahauliwa, na hali fundo la taya lililo mbele ya sikio limevunjika kwa ndani. Damu iliyovia humo hugeuka kovu, kovu hugeuka mfupa, na kidogo kidogo kinywa hukataa kufunguka. Usaha wa sikio uliopuuzwa huweza kuleta hatima ileile. Na kwa kuwa fundo hilo ni moja ya mahali taya linapokulia, taya la mtoto aliyeumia akiwa na miaka minne hubaki fupi akiwa na miaka kumi. Huyo hukoroma usiku, husinzia darasani, na mwalimu humwita mvivu. Huyu naye huhitaji fundo lifunguliwe, na baadhi yao huhitaji taya lirefushwe kwa njia niliyoieleza. Lakini wengi wao wangeliepushwa yote hayo lau siku ile ya kuanguka mtu angalimtaka afungue kinywa, akamkagua mbele ya masikio, na akamfundisha mazoezi ya kukifungua kila siku katika majuma yaliyofuata.

Nini basi kifanywe? Sitaki kuanza na kifaa, ingawa natamani siku ambayo Kisii yenyewe, penye hospitali ya mafundisho na chuo kikuu, itakuwa na mpasuaji wa taya na mtaalamu wa usingizi wa watoto wa kuifanya kazi hii. Naanza na chumba cha kuzalia. Kila mtoto anayezaliwa hupimwa uzito na kuhesabiwa vidole. Na aongezewe mambo mawili yasiyochukua hata dakika moja, yaani kutazamwa uso ubavuni, na kutazamwa kaakaa kwa mwanga, kwa kuwa kidole peke yake hukosea. Kila kituo kiwe na kipimo cha oksijeni kinachomfaa mchanga, na mtu anayejua kukisoma. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapa mikoba ya vifaa mwaka 2023 wakiwa wapatao 100,000 nchi nzima, wafundishwe kuuliza swali lile la muuguzi, mtoto hulala vipi usiku, na kumvua nguo mtoto kabla ya kusikiliza jibu. Nao ndio wanaofaa kumfuata nyumbani mtoto aliyerudi na kifaa tayani, wapime uzito, watazame vidonda, wapige simu kwa aliyemfanyia kazi.

Jambo la mwisho ni gharama, nalo halikubali kupitiwa juu juu. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, ipange malipo ya kazi hii kwa ukamilifu wake, upasuaji wa kwanza na wa pili, pamoja na siku za kulala na kliniki za kufuatilia, kwa maana kulipia kisu na kumwachia mama nauli na malazi ya miezi miwili mjini ni kulipia nusu ya mfupa. Familia nyingi za Gusii zinajua kuitisha harambee, na ukarimu huo ni johari. Lakini harambee hujibu dharura ya siku moja, na haifai kuwa ndiyo sera ya matibabu yanayohesabiwa kwa miezi. Mashirika ya hisani kama Smile Train na Operation Smile yamethibitisha katika Kenya kwamba mtoto maskini aliyezaliwa na mdomo au kaakaa lililopasuka anaweza kutengenezwa bila kulipa. Mtoto wa taya fupi ni ndugu wa huyo, mara nyingi ana kaakaa hilohilo, ila yeye ana haraka zaidi, kwa sababu wa kwanza anasubiri uso wake na wa pili anasubiri pumzi.

Kwa hiyo, maadamu watoto hawa wanazaliwa kila mwaka kati ya Kilgoris na Sotik, na maadamu dawa yao ya kwanza ni jicho la mkunga na dawa yao ya mwisho ni ufunguo unaozungushwa nusu milimita kwa nusu milimita, nawasihi wakuu wa afya wa kaunti hizi mbili waanze kwa kufundisha wakunga wao mwaka huu huu, kabla ya kununua chuma chochote. Kisha waandikiane na hospitali za taifa mkataba wa rufaa wenye majina na nambari za simu za wanaohusika. Kisha wadai kwa SHA malipo ya miezi yote. Wakifuata utaratibu huo, upasuaji wa kurefusha taya utakapofika Kisii utawakuta watoto wako hai wa kufanyiwa.